Risiti Saba

Historia nzima ya Vumbi la Menengai inaenea
ndani ya kopo la majani ya chai:
risiti saba, pini moja,
na uzi wa gitaa uliojikunja kama ukucha wa paka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Kazi yangu ilikuwa mkokoteni,
kusukuma amplifaya kutoka Bondeni hadi landi za reli
na kukaa kimya.
Heroe siwataji. Usiku ziwa ni harufu tu.

Gitaa lilikuwa jekundu, na lilikuwa la Bwana Fernandes
mpaka fungu la kumi na mbili lilipwe.
Ndivyo ilivyoandikwa kwa wino wa zambarau
juu ya sahihi ya Rading', fundi wa boila,
mtu aliyezoea kugonga chuma kwa nyundo
akisikiliza penye ufa.
Nyuzi nazo alizisikiliza vivyo hivyo.

Februari, shilingi arobaini.
Kaka yangu Ambetsa akaleta ngoma za Jeshi la Wokovu,
akiziazima Jumamosi, akizirudisha Jumapili alfajiri
zikinuka sigara.
Tuwei alipewa besi kwa sababu ndiye mrefu
na kwa sababu hakubisha.
Uzi wa nne ulimkatikia Gilgil. Tukaizoea mitatu.

Halafu Nyokabi wa kiwanda cha pareto,
mikono njano hadi viwikoni,
akaja kudai pesa zake za mandazi
akawakuta wanagombania wimbo usio na maneno.
Akaitia hesabu yake mle mle:
manne ya Jumanne, mawili ya yule mrefu,
moja lililoliwa likiwa bado linatoa moshi.
Hakutabasamu. Rading' akamfuata
kwa kishingo cha chupa ya soda kikiteleza juu ya nyuzi,
na ile sauti,
sijui niiteje.
Garimoshi lenye mzigo likiupanda Mau
na halitaki kusema limechoka.
Wao waliuita bluzi.
Mama aliuita kelele za watu wasio na kitanda.

Risiti ya tatu ililiwa na mchwa,
kwa hiyo Aprili siwezi kuiapia.
Naona mvua tu, bati likizishinda ngoma,
ukumbi wa Njoro na watu kumi na mmoja,
wawili kati yao polisi
waliokuja kutufungia wakabaki kucheza.

Juni walijaa. Usiniulize kwa nini.
Klabu ya reli, Jumamosi ya mshahara,
madirisha yanatoka jasho,
na Nyokabi akaliimba deni la mandazi mara tano,
na mara zote tano watu wakalilipa:
sarafu zikanyesha, nikaziokota kwa kofia ya Ambetsa.
Risiti ya tano ililipwa kwa senti tupu.
Fernandes alizihesabu mara mbili,
na nyuma ya karatasi, kwa penseli, akaandika *vizuri*.

Mtu wa redio alisema atakuja.
Tuwei akahamishiwa Eldoret.
Kapteni akazinusa ngoma zake.
Nyokabi alianza kukohoa katikati ya mistari,
vumbi lile la njano humkaa mtu kifuani,
na usiku mmoja, penye ubeti wa tatu, akanyamaza.
Rading' hakuijaza nafasi ile.
Aliizunguka polepole, kama mtu anayepita
kando ya mgonjwa aliyelala.
Sijasikia tena mtu akimpisha mwenzake hivyo.

Septemba hapakuwa na fungu.
Fernandes alikuja mwenyewe, kofia mkononi,
akaomba wimbo mmoja kwanza.
Rading' akapiga. Akazifuta nyuzi kwa kitambaa cha grisi,
akafunga sanduku, akaniambia, sukuma.

Nikasukuma.
Penye kivuko cha reli nilisimama,
nikafungua, nikachomoa uzi mmoja, ule mwembamba,
nikautia mfukoni ukanichoma paja hadi dukani.

Fernandes alilifungua sanduku juu ya kaunta.
Akahesabu kwa kidole: tano.
Akanitazama kwa muda mrefu.
Kisha akachovya kalamu,
na kwenye kitabu chake, kwa wino wa zambarau,
akaandika: sita.